MAS'ALA YA KUBASHIRI MPIRA KWA SARAFU ZA MTANDAO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Katika zamani hizi umetokea mchezo mpya, nao umeingia katika mabaraza na majumba ya Waislamu kwa mlango wa simu. Mchezo huo ni kubashiri matokeo ya mipira ya mataifa, na kila abashiriye huweka mali yake kwa sarafu zisizoshikika kwa mkono, ziitwazo sarafu za kripto. Wako wauitao mchezo, na wako wauitao biashara, na wako wauitao elimu. Na katika hao wamo watu wenye kusali na kufunga, ambao lau wangeitwa kucheza karata kwa fedha wangekataa na kukasirika. Basi yapasa mas'ala haya yaelezwe, ili mtu ajue aingiapo kabla ya kuingia.

MCHEZO WENYEWE JINSI ULIVYO

Sarafu ya kwanza katika hizi ni Bitcoin, iliyoanza mwezi wa Januari mwaka 2009. Haikupigwa na serikali yoyote, wala si dhahabu wala fedha wala karatasi. Ni hesabu iandikwayo katika daftari, na nakala za daftari hilo zimo katika mashine nyingi duniani, hata asiweze mtu mmoja kulifuta. Baada yake ikatoka Ethereum, mwaka 2015, ambayo juu yake watu waweza kuandika mkataba wa kujiendesha. Mkataba huo hupokea mali, hungoja khabari, kisha hugawa mali kwa sharti zilizoandikwa, pasi na karani wala shahidi.

Juu ya mikataba ya namna hii ndipo ubashiri ulipojengwa. Mwezi wa Julai mwaka 2018, Kombe la Dunia likichezwa Urusi, ulifunguliwa mtandao uitwao Augur, kazi yake ni watu kuwekeana mali juu ya mambo yatakayotokea. Baada yake imetoka mingine ya mfano wake. Sura iliyo mashuhuri ni hii: mtu hununua sarafu kwa shilingi zake, akazitia katika mkataba pamoja na neno lake, kama kusema, "Taifa fulani litashinda." Mpira ukiisha, waliopatia hugawana mali iliyowekwa, na waliokosea hutoka mikono mitupu; na mara nyingi mwenye mchezo huwa amekwisha kutwaa fungu lake kabla ya wote.

KAMARI NI NINI

Mwenyezi Mungu ameitaja kamari katika Sura ya 5, aya ya 90 na ya 91, akaiweka safu moja na ulevi na masanamu na mishale ya kupigia kura, akaamrisha ijitengwe. Kisha akabainisha kwamba kwayo Shetani hutaka kutia uadui baina ya watu na kuwazuia kumkumbuka Mungu na kusali. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Hureira, mtu amwambiaye mwenziwe waje wachezeane kamari ameamrishwa atoe sadaka. Ikiwa tamko tupu lataka kafara, itakuwaje kitendo?

Maulamaa wetu wameieleza kamari kwa kipimo kilicho chepesi kukishika: ni kila mchezo ambao kila mmoja wa wachezao yu baina ya kupata mali ya mwenziwe na kupoteza yake. Kipimo hiki hakitazami jina la mchezo, wala chombo chake, wala kwamba wachezaji wanajuana au hawajuani.

Na iwe mfano: watu 100 wameweka kila mmoja shilingi 1,000, zikawa 100,000. Mwenye mchezo akatwaa 10,000. Watu 10 wakapatia, wakagawana 90,000, kila mmoja 9,000. Je, hizo 8,000 alizozidishiwa kila mshindi zimetoka wapi? Hapana shamba lililolimwa, wala chombo kilichosafiri, wala bidhaa iliyouzwa. Zimetoka katika mifuko ya wale 90, na kila mmoja wao aliingia kwa tamaa ya kuwafanyia wenziwe vivyo hivyo. Hiyo ndiyo kamari, ingawa imeandikwa kwa hesabu za mashine.

Tena Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj, mlango wa mashindano, ametaja mambo ambayo haisihi kushindania mali kwayo. Katika hayo ametaja mpira upigwao kwa fimbo, na kuogelea, na sataranji, na kusimama kwa mguu mmoja, na kujua kilichofumbatwa mkononi. Angalia, ewe ndugu: mpira umo katika orodha hiyo, na kukisia kilichofichika kumo. Na mchezo huu wa leo ni viwili hivyo vimekutana mahali pamoja.

HOJA ZA WENYE KUUCHEZA, NA JAWABU ZAKE

Hoja ya kwanza. Husema: "Kamari ni bahati, na huu ni ujuzi, ajuaye mpira hupatia."

Jawabu: Tarehe 22 Novemba 2022, katika Kombe la Dunia lililochezwa Qatar, Argentina ilikutana na Saudia. Argentina ilikuwa haijafungwa katika michezo 36, na wajuzi wa mpira waliitazamia ushindi. Saudia ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Ujuzi wao uliwafaa nini siku hiyo? Kisha hata kama ujuzi upo, haubadili hukumu. Mashindano ambayo Sharia imeruhusu mali kuwekwa ni ya farasi na ngamia na mishale, kwa kuwa ni mazoezi ya vita. Na humo humo, wakiweka mali wote wawili wenye kushindana, Imamu Shafi amesharutisha awepo wa tatu aliye sawa nao asiyeweka kitu, atwae akishinda na asilipe akishindwa, ili sura ya kamari iondoke. Ikiwa mpanda farasi mwenyewe amefungiwa hivyo, sembuse mtu aliyekaa barazani akitegemea miguu ya mtu mwingine aliye ng'ambo ya bahari?

Hoja ya pili. Husema: "Sarafu hizi si fedha ya serikali, basi hakuna mali iliyowekwa."

Jawabu: Kitu kinunuliwacho kwa shilingi na kuuzwa kwa shilingi, na mwenyewe hulia kikipotea, ni mali. Ni kweli kwamba maulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana katika sarafu zenyewe. Mufti wa Misri wa wakati huo alitoa fatwa ya kukataza kuamiliana kwa Bitcoin, iliyotangazwa mwanzo wa mwaka 2018. Na Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwezi wa Novemba mwaka 2021, lilikataza kuzitumia kuwa fedha, lakini likaacha mlango kwa ile iliyo kama bidhaa yenye manufaa ya dhahiri. Na wengine wamezihalalisha. Lakini khitilafu hiyo haimfai mwenye kubashiri, kwani lau angaliweka dinari za dhahabu, ambazo hakuna azitiliaye shaka, kamari ingalikuwa ni kamari.

Hoja ya tatu. Husema: "Sayidna Abubakari aliwekeana na washirikina wa Makka juu ya Warumi na Waajemi, nani atashinda."

Jawabu: Khabari hiyo ni ya kweli, nayo yasimuliwa pamoja na kushuka kwa Sura ya 30. Lakini Tirmidhi alipoipokea, imo ndani yake kauli ya wazi kwamba mambo hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa kuwekeana. Wako Waislamu walionywa ulevi kabla ya kuharimishwa, na hakuna mwenye akili aufanyaye huo kuwa hoja leo. Isitoshe, Abubakari hakubashiri kwa dhana yake. Alisadiki ahadi ya Mola wake. Nani katika hawa wa leo aliyeshukiwa na aya juu ya Argentina?

Hoja ya nne. Husema: "Katika mchezo huu hutolewa fungu la sadaka."

Jawabu: Kamari ya Waarabu wa ujinga ilikuwa na sadaka zaidi ya hiyo. Walichinja ngamia, wakapiga mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu haina kitu; na walioshinda nyama waliwapa mafakiri, wala hawakuila wenyewe, na thamani ya ngamia ikawa juu ya walioshindwa. Pamoja na hayo Mwenyezi Mungu akaikataza, na katika Sura ya 2, aya ya 219, akabainisha kwamba manufaa yamo lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Msikiti haujengwi kwa mali ya kamari ukawa ni thawabu kwa mchezaji.

KHATARI ILIYO JUU YA KHATARI

Mwenye kucheza karata hukhatirisha mali mara moja. Huyu hukhatirisha mara mbili, kwani sarafu yenyewe haitulii. Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 mwezi wa Novemba mwaka 2021. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama dola 16,000. Hata aliyepatia ubashiri wake aweza kukuta alichopata kimeyeyuka.

Ilikuwapo pia sarafu ya mashabiki wa Argentina, iliyouzwa ili mwenye nayo apewe kura katika mambo madogo ya timu. Siku ile Argentina ilipofungwa na Saudia, sarafu hiyo ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake. Na tarehe 18 Desemba 2022 Argentina ilipotwaa Kombe, bei yake ikaanguka tena! Timu ikifungwa, mwenye sarafu akhasirika. Timu ikishinda, akhasirika. Na tarehe 11 Novemba 2022, siku tisa kabla ya Kombe kufunguliwa, soko la sarafu liitwalo FTX lilitangaza kufilisika, na watu waliokuwa wameweka mali zao humo wakafungiwa mlango. Mwenye kupoteza siri ya mkoba wake wa simu naye hupoteza vyote vilivyomo, wala hana kadhi wala karani wa kumwendea.

Kisha liko lililo kubwa kuliko mali. Saa za Qatar na saa za pwani ya Afrika Mashariki ni moja. Fainali ile ilianza saa kumi na mbili jioni, Magharibi ikaingia na mpira ungali ukichezwa, ukaenda katika nyongeza na penalti hata karibu na saa tatu usiku. Asiye na mali mchezoni aliweza kuinuka wakati wa mapumziko, akasali rakaa zake tatu, akarudi. Lakini ambaye kodi ya nyumba yake na unga wa wanawe vimo katika miguu ya wachezaji, moyo wake ulikuwa umefungwa pale, na Magharibi ikampita. Ndiyo maana ya ile aya, iliyotaja Sala pamoja na kamari.

MWENYE KUTUBU AFANYE NINI

Aliyekwisha kuingia asikate tamaa, kwani mlango wa toba u wazi. Kwanza aache, na auondoe mchezo katika simu yake. Pili ajute. Tatu aazimie kutorudi, hata Kombe jingine likija. Nne ni haki za watu. Mtaji wake mwenyewe ukimrudia ni wake. Lakini alichozidishiwa ni mali ya wenziwe, na akiwajua awarudishie. Katika mchezo huu mara nyingi hawajulikani, kwa kuwa majina yao katika daftari ni safu za herufi na tarakimu. Imamu Nawawi katika Majmuu, akinakili kwa Imamu Ghazali, ameeleza ya kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hutolewa katika maslaha ya Waislamu wote, kama madaraja na mfano wake, au hupewa mafakiri. Na mwenye kutubu akiwa ni fakiri kweli, aweza kutwaa kwa kadiri ya haja yake na ya watoto wake. Aitoe kwa nia ya kujitua mzigo, wala asiihesabu kuwa sadaka aliyoitoa katika mali yake.

YALIYO HALALI

Wala mtu asidhani kwamba Sharia imeharimisha furaha. Kucheza mpira kwa kuupa mwili nguvu, sitara ikihifadhiwa na Sala isipotezwe, hakuna ubaya. Kuutazama kwa sharti hizo ni vivyo hivyo. Na mtu kusema barazani, "Naona Moroko watashinda," ni rai tu, maadamu hadai kujua ghaibu wala haweki mali juu ya neno lake. Mwaka ule wa 2022 Moroko walifika nusu fainali, wa kwanza katika Waafrika na Waarabu, na Waislamu wengi walifurahi furaha isiyowagharimu hata senti moja. Furaha ya namna hiyo haina wa kumlilia mwenziwe.

Basi, ewe ndugu, ukiletewa mchezo wowote katika simu, usiulize jina lake. Uliza maswali matatu: Je, naweka mali? Je, naweza kuipoteza bila ya kupata kitu badala yake? Je, nikipata, nitakuwa nimetwaa mali ya aliyekosa? Ikiwa jawabu ya yote ni ndiyo, hiyo ni kamari, iwe kwa mishale, au kwa karata, au kwa sarafu isiyoonekana.

Na baba ambaye mwanawe hukesha na simu wakati wa Kombe na aketi naye, amuulize kwa upole, kabla hajaulizwa yeye mbele ya Mola wake. Mwenyezi Mungu atuongoze katika riziki ya halali, atutosheleze kwayo, na atuepushe na haramu iliyo dhahiri na iliyojificha. Wallahu aalam.