SOMO: WATU WA CHUO KIKUU WAKIJA, TUWAULIZE NINI?



Juzi nilikaa barazani Ndia Kuu na akina mama wanaouza samaki wa kukaanga. Mmoja akaniambia: "Walikuja vijana wa chuo, wakapima samaki wetu, wakatuuliza maswali tangu asubuhi hadi adhuhuri. Chai tukawapa. Majibu hatujayaona mpaka leo. Sasa dada, wakirudi tuwafukuze?"

La, tusiwafukuze. Ila tupatane nao kabla ya kazi kuanza. Tutazame mfano wa Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi huko Kwale, kusini ya Mombasa. Zamani mikoko yake ilikatwa sana kwa boriti na kuni, na mikoko ikiisha, samaki wadogo hukosa mahali pa kukulia. Watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya bahari iliyoko Mkomani, ng'ambo tu ya maji ukitoka Mji wa Kale, walishirikiana na wenyeji na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza kazi.

Kazi yenyewe ni hivi. Mkoko hufyonza hewa ya kaboni, ile inayozidisha joto duniani, ikawekwa ndani ya mti na ndani ya matope chini yake. Wataalamu hupima kiasi kinachohifadhiwa katika hekta 117. Wenyeji hulinda mikoko na kupanda mingine. Kisha hesabu hiyo huuzwa kwa watu na makampuni ya nje wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zinarudi kijijini, na wenyeji ndio wanaoamua zifanye nini. Zimesaidia maji ya bomba na vitabu vya shule. Mivinje nayo ilipandwa ili watu wasikose kuni.

Si pesa za kumtajirisha mtu mmoja. Ni faida ya wote. Tena angalieni: bila vipimo vya wataalamu, mnunuzi asingeamini. Na bila wanakijiji, nani angelinda mikoko usiku?

Basi mgeni akija, mwulizeni haya manne, na majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano:

1. Unatafuta nini, na sisi kitatufaa nini?
2. Nani kati yetu atafundishwa kupima pamoja nawe?
3. Matokeo utatuletea lini, kwa Kiswahili?
4. Pesa zikipatikana, nani ataamua matumizi yake?

Akikosa jibu, mwambieni kwa adabu akajipange kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Ni nani waliowahi kuja kuuliza maswali kwetu? Walituachia nini?
(b) Ni jambo gani la bahari yetu tungependa lichunguzwe?
(c) Tumchague nani awe akiwapokea watafiti kwa niaba ya kikundi?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuhakikishe mwenyeji anapona kweli.