Kisiwa cha Kungojea: Wasafiri wa Karema Walipokaa Unguja

Karema ni mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, katika nchi iitwayo leo Mkoa wa Katavi. Unguja ni kisiwa cha Bahari ya Hindi. Ukipima katika ramani kwa mstari ulionyoka, utaona kwamba kati ya mahali hapa pawili pana kilometa 1,000 hivi. Hata hivyo, zamani za misafara, wageni waliotoka ng'ambo kwenda Karema walianza safari yao kisiwani. Katika somo hili tutajifunza kwa nini walikaa kwanza Unguja, na jinsi siku za huko zilivyoweza kuiokoa safari au kuivunja.

1. Sababu ya kukaa kisiwani

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na tangu hapo njia ya merikebu kutoka Ulaya ikawa fupi kuliko zamani. Merikebu hizo zilitia nanga Unguja, maana huko palikuwa na bandari nzuri, na mji wenye biashara kubwa. Huko alikaa Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Msafiri aliyepata barua yake alipokewa vizuri zaidi na wafanya biashara Waarabu waliokaa bara. Huko walikaa na Wahindi wenye maduka, waliouza nguo na kukopesha fedha. Tena huko waliandikwa wapagazi na askari. Msafara ulipokuwa tayari ulivuka kwa mashua hata Bagamoyo au Saadani, kisha watu wakashika njia kwa miguu.

2. Mali ya njiani

Labda utauliza, "Kwa nini hawakuchukua fedha tu, wakanunua chakula njiani?" Siku zile katika sehemu nyingi za bara fedha haikununua kitu. Watu walitaka nguo, ushanga na masango, yaani nyaya za shaba. Nguo nyeupe nzito iliitwa merikani, kwa sababu hapo kwanza ilitoka Marekani. Nguo nyeusi iliitwa kaniki. Nguo zilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti moja.

Kuchagua ushanga kulihitaji akili nyingi. Nchi moja ilipenda ushanga mwekundu, nchi ya pili ilitaka mweupe au mweusi, na mwekundu usitazamwe kabisa. Msafiri aliyenunua bila kuwauliza wenye kujua alijiona tajiri Unguja, lakini mbele ya safari aliona njaa, na mizigo ya ushanga imejaa hemani mwake. Basi wageni wenye busara waliketi na wafanya biashara na viongozi wa misafara, wakauliza: njiani kuna nchi zipi? Watu wake wataka nini? Hongo ya kila mtawala ni kiasi gani?

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tuseme msafara una wapagazi 300. Mizigo yao yote ni kilo 9,600. Na kila mtu lazima ale kila siku, kwa miezi mingi. Sasa waweza kufahamu kwa nini matayarisho hayakwisha kwa siku mbili tatu.

3. Msafara wa mwaka 1877

Mwaka 1876 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliunda chama katika mji wa Brussels. Chama kile kilisema kwamba nia yake ni kuchunguza nchi za Afrika na kukomesha biashara ya watumwa. Baadaye mfalme huyo aliitwaa nchi ya Kongo, na watu wake wakapata mateso makubwa chini ya utawala wake.

Msafara wa kwanza wa chama hicho ulifika Unguja Desemba 1877. Mkubwa wake alikuwa Kapteni Crespel, na pamoja naye walikuwa Luteni Cambier na Daktari Maes. Ulikuwa wakati wa pepo za kaskazi, ambao ni wakati wa joto kali kisiwani. Cambier alivuka pwani kuitazama njia ya bara. Wenzake wawili walibaki mjini wakingojea. Lakini Januari 1878 Maes alikufa kwa maradhi, na kabla ya mwezi kwisha Crespel akafa pia. Hivyo safari ilipoteza mkubwa wake na daktari wake, na wote wawili hawakuwa wametembea hata siku moja katika njia ya Karema.

Siku zile watu walidhani kwamba homa ya malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Dawa ya kwinini waliijua, lakini mbu hawakumwogopa. Ni mwaka 1897 tu Ronald Ross alipogundua kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu.

Kutoka Ulaya wakaja watu wengine, Wautier na Daktari Dutrieux. Cambier aliondoka pwani mwaka 1878. Wapagazi wengi walimtoroka njiani. Wautier alikufa Desemba mwaka huo, hakuliona Ziwa. Cambier alifika Karema, akaanzisha kituo Agosti 1879.

Wakubwa wa chama wakatafuta njia ya kusafiri pasipo wapagazi. Mwaka 1879 Kapteni Carter alishusha tembo wanne kutoka Uhindi katika ghuba ya Msasani. Ni tembo mmoja tu aliyefika Karema. Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa vitani Juni 1880 huko Mpimbwe, ambako ni katika Katavi ya leo. Basi misafara ikarudia desturi yake: mabega ya watu.

4. Wapagazi

Majina ya wakubwa yameandikwa vitabuni, bali majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Nao ndio waliokuwa wengi katika kila msafara. Mpagazi wa Unguja alipewa sehemu ya ujira wake kabla ya kuondoka, akaacha mkewe na watoto asijue kama atarudi. Njiani alikutana na njaa, ndui na vita. Tukisoma kwamba wapagazi walitoroka, tusiwahukumu upesi. Tuulize kwanza kama walipewa posho ya kutosha, na kama mizigo yao ilikuwa ya haki.

5. Mtu aliyefika akakaa

Mwaka 1885 kituo cha Karema kilitiwa mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe. Mwaka 1888 msafara wao mwingine ulipita Unguja, na ndani yake alikuwamo kijana Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, mbali sana na hapa. Akiwa mtoto aliibwa akauzwa, akapelekwa kuvuka jangwa la Sahara. Mapadre walimkomboa katika nchi ya Aljeria, kisha akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta.

Fikiri, mwanafunzi: mtu aliyepata kuuzwa alishuka Unguja, katika mji ambao soko lake la watumwa lilikuwa limefungwa miaka 15 tu iliyopita, mwaka 1873. Kutoka huko aliingia bara kwa miguu, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu wagonjwa na kuwafundisha watu huko hata alipokufa mwaka 1956, yaani kwa miaka 67.

Tunajifunza nini? Wengine walikiona kisiwa kuwa kizuizi, wakahesabu siku kwa uchungu. Lakini kila kosa lililofanywa Unguja lilichukuliwa hata bara pamoja na mizigo, na kila jambo lililotengenezwa vema liliwasaidia watu njia nzima. Haraka haraka haina baraka. Anayetaka kufika mbali na aulize kwanza, ahesabu, atunze afya yake, na awatendee haki wale wanaomchukulia mzigo.

Maswali

1. Taja mambo matatu ambayo wasafiri walitafuta Unguja kabla ya kwenda bara.
2. Msafara una doti 250 za merikani. Je, ni mikono mingapi?
3. Kwa nini ushanga mzuri uliweza kuwa bure mbele ya safari?
4. Ni hasara gani iliyoupata msafara wa 1877 kabla haujaondoka Unguja?
5. Chora ramani, uonyeshe Unguja, Bagamoyo, Tabora, Mpimbwe na Karema.
6. Waulize wazee wa kwenu: zamani watu wa nchi yenu walichukuaje mizigo, na waliimba nini njiani?