Sodiamu Haitoi Elektroni Bure

Kwa nini metali hupoteza elektroni, na simetali huzipokea?

Tazama mzingo wa nje. Sodiamu ina elektroni 11, na moja tu iko nje. Zile 10 za ndani zinaikinga na mvuto wa kiini, kwa hiyo haikushikwa sana. Klorini ina 17, saba zikiwa nje na nafasi moja wazi. Kiini chake kinavuta kwa nguvu zaidi. Elektroni ikihama, sodiamu inabaki na protoni 11 na elektroni 10, nayo huwa ioni chanya, Na⁺. Klorini huwa ioni hasi, Cl⁻.

Kwa hiyo sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, kama tunavyosikia darasani?

Haipendi hata kidogo, na kauli hiyo inawapotosha wanafunzi wengi. Kung'oa elektroni hiyo kwenye moli moja ya atomu za sodiamu hugharimu kilojuli 496. Klorini ikiipokea hutoa 349 tu. Ongeza gharama ya kugeuza sodiamu kuwa mvuke na kuvunja molekuli za klorini, na deni linafika karibu kilojuli 375.

Linalipwa na fuwele. Ioni chanya na hasi zinapojipanga kuwa chumvi, kila moja ikizungukwa na sita za chaji kinyume, mvutano wao huachilia kilojuli zipatazo 787. Zinabaki zaidi ya 400, ndiyo maana sodiamu huwaka vikali ndani ya gesi ya klorini. Mwanafunzi akiielewa hesabu hii, hana haja ya kukariri nani anatoa na nani anapokea.

Mbona basi sodiamu haitoi elektroni mbili, mvutano ukazidi?

Elektroni ya pili inatoka mzingo wa ndani, na gharama yake ni kilojuli 4,562. Hakuna fuwele ya kulipa hiyo. Magnesiamu ina mbili nje, zinazogharimu 738 na 1,451, kwa hiyo huwa Mg²⁺. Ikiungana na oksijeni, O²⁻, mvutano ni mkali mno: oksidi yake huyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 2,850 za Selsiasi, wakati chumvi huyeyuka kwenye 801.

Je, kila metali ina chaji moja tu?

La. Chuma huwa Fe²⁺ au Fe³⁺. Katika hemoglobini ya damu hubeba oksijeni kikiwa Fe²⁺. Kikigeuka Fe³⁺, hakiwezi tena kuibeba.