Bodi ya Taa: Usijumlishe Breka, Hesabu Taa

Ukifungua ripoti ya mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, bodi kubwa ya chini, ile inayopokea umeme wa TANESCO, utaikuta imepewa kurasa kadhaa. Bodi ndogo za taa za kila ghorofa zinapata mstari mmoja: "basibaa ampia 200." Muulize kwa nini 200. Atakwambia breka ziko 18 za ampia 10, jumla 180, akaongeza kidogo kwa usalama. Jibu linasikika vizuri, lakini halijahesabu taa hata moja.

Basibaa ya bodi ya taa ni ule ukanda wa shaba wenye meno kama kitana, umefunikwa plastiki, unaopita kwenye breka zote na kuzigawia umeme kutoka swichi kuu. Ya fezi tatu ina kanda tatu ndani, na meno yanapishana: nyekundu, njano, bluu, kisha nyekundu tena. Kwa hiyo kosa la kwanza liko wazi. Breka 18 zimegawanywa kwa fezi tatu, sita sita. Hata zote zikijazwa mpaka pomoni, kila fezi inabeba 60, si 180.

Sasa tuhesabu taa zenyewe. Chukua ghorofa moja ya maktaba yenye taa 180, kila moja ina tyubu mbili za LED za wati 18. Hiyo ni wati 6,480. Tuseme tyubu ni za bei ya chini na pawafakta yake ni 0.6. Unapata VA 10,800. Gawa kwa fezi tatu za volti 230, kila fezi ni kama ampia 16. Kumi na sita tu!

Usiipunguze tena, lakini. Kiwango cha IEC 61439-3, pale mizigo halisi haijulikani, huchukulia kwamba bodi yenye saketi 10 au zaidi itabeba nusu tu kwa wakati mmoja. Kwa nyumba yenye soketi nyingi, sawa. Maktaba saa moja usiku, wiki ya mitihani, taa zote zinawaka pamoja.

Basi chaguo ni jepesi. Basibaa ya kawaida ya milimita za mraba 10 hubeba ampia 63 ikilishwa upande mmoja. Ukiilisha katikati, mkondo unagawanyika kushoto na kulia, na shaba ile ile inafika kama 100. Kwa ghorofa letu 63 inatosha, mradi swichi kuu iwe breka isiyozidi 63. Hili la mwisho watu wanalisahau. Mwakani ukiongeza breka sita kwenye nafasi zilizobaki, jumla kwa kila fezi inakuwa 80, na kinachoilinda basibaa hapo ni breka iliyo mbele yake.

Shoti nayo ina hesabu yake. Transfoma ya KVA 315 yenye impidansi ya asilimia 4 inaweza kumwaga kiloampia 11 hivi pale pale kwenye vituo vyake. Panda ghorofani kwa mita 40 za kebo ya shaba ya milimita za mraba 16, zinabaki kama 4. Kwa hiyo bodi ya kiloampia 6 inafaa juu, ila bodi hiyo hiyo ukiifunga kwenye chumba cha transfoma umeweka bomu. Nguvu inayozisukuma kanda za shaba huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo.

Ngoja kwanza, tufike kwenye nyutro, maana hapa ndipo vitabu vya mwaka wa pili vinatudanganya. Tulifundishwa kwamba fezi tatu zikiwa sawa, nyutro haibebi kitu. Kweli kwa hita. Tyubu za LED za bei ya chini hunyonya umeme kwa vipande, na vipande hivyo vinazaa mkondo wa hezi 150 ambao haufutiki: wa fezi zote tatu unafika kwenye nyutro kwa pamoja na kujumlika. Hali ikiwa mbaya kabisa, nyutro inabeba mara 1.7 ya fezi. Pale maktaba fezi zina 16, nyutro ina 27.

Ampia 27 haziitishi basibaa ya 63. Zinachotisha ni ile baa ya nyutro ya pembeni, nyembamba, ambayo fundi amesokota nyaya tatu kwenye tundu moja na kukaza skrubu kwa macho. Inapata moto, inalegea, siku moja inaachia. Nyutro kuu ikiachia, fezi moja inaweza kushuka na nyingine kupanda kuelekea volti 400, na tyubu za watu zinakufa kwa mkupuo. Agiza baa ya nyutro isiyopungua fezi, tundu moja waya mmoja.

Dukani, nenda na breka mkononi. Kuna basibaa za jino la sindano na za jino la uma, na kampuni hazifanani. Lisilolingana unalikaza skrubu vizuri kabisa, kumbe jino liko nyuma ya kibano. Ukikosa inayolingana, usikubali "tulupie" kwa vipande vya waya wa mbili na nusu: kipande cha kwanza kinabeba mzigo wa fezi nzima, na breka ya 63 haitakilinda. Ukiwa pwani, chagua shaba iliyopakwa bati, chumvi ya hewani haina huruma.

Na ukienda fildi, omba klampmita usiku taa zote zikiwa zimewaka, fundi wa zamu akiwepo. Anza kupima nyutro.