Vifaranga Watoke Nje Lini?

Kijitabu cha mfugaji mdogo wa kuku wa kienyeji na chotara, Nyanda za Juu Kusini



Asubuhi ya Julai huku Njombe, ukungu hulala chini hadi jua likolee. Ukifungua banda la vifaranga waliotolewa mapema, unawakuta wamerundikana kwenye kona. Wa juu wanalia. Wa chini wamekwisha kwa kukosa pumzi. Tunasema baridi imewaua, na ni kweli. Ila baridi iliwakuta hawajawa tayari, na utayari wao ulikuwa mikononi mwetu.

Wengi hutuuliza, "Watoke wakiwa na wiki ngapi?" Kwa kawaida ni kati ya wiki ya 4 na ya 6, na kwenye baridi kali kama ya Makete hata zaidi. Lakini umri ni makadirio tu. Kabla ya kuhesabu wiki, kagua mambo matatu: manyoya, usiku na chanjo.

1. Kagua manyoya

Kifaranga huanguliwa akiwa na malaika, yale manyoya mororo kama pamba. Hayazuii upepo, na yakilowa humgandisha. Manyoya ya kweli huanza kwenye mabawa na mkia, na hapo ndipo wengi hudanganyika: kwa juu anaonekana kuku kamili.

Mshike mkononi, umwinue bawa. Tazama kwapani, kisha shingoni na tumboni. Ukiona ngozi iko wazi au malaika bado yametawala, mrudishe kwenye joto. Kagua angalau 5, na mdogo kuliko wote awemo. Kundi hutoka kwa kipimo cha aliye nyuma.

2. Sikiliza usiku

Wiki ya kwanza kinengunengu, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, kinahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza kama nyuzi 3, hadi wazoee hali ya hewa ya kwako. Kama huna kipimajoto, vifaranga wenyewe watakuambia. Wakijikusanya kwenye jiko la kuwapasha joto, wana baridi. Wakikaa mbali nalo wakihema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala, joto linatosha.

Ukikaribia kuwatoa, ondoa joto kabisa kwa usiku 3, lakini wabaki humo humo ndani. Saa 5 usiku nenda ukasimame mlangoni bila kuwasha tochi. Ukisikia kimya, au kilio kidogo cha usingizi, wameweza. Ukisikia kilio kikali kisichokoma, washa jiko na ujaribu tena baada ya siku chache.

Kumbuka: jiko la mkaa hutoa hewa yenye sumu. Acha matundu ya hewa sehemu ya juu ya ukuta, na usilale chumba kimoja nalo.

3. Kamilisha chanjo

Nje kuna kuku wa jirani, na ugonjwa wa kideri haujui mpaka wa shamba. Kwa kawaida chanjo ya kideri huanza siku ya 7 na ya Gumboro siku ya 14, kisha hurudiwa. Ya ndui hufuata baadaye. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako akupe ratiba ya eneo lako. Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

4. Watoe kwa hatua

- Siku 3 za kwanza: watoe saa 5 asubuhi umande ukishakauka, warudishe baada ya saa 1 au 2.
- Siku 4 zinazofuata: ongeza muda hadi saa 10 jioni. Mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, warudishe.
- Baada ya wiki: kama wote wanakula vizuri na hakuna anayejikunyata, washinde nje. Usiku walale bandani.

Uwanja wao uwe mkavu. Matandazo yaliyolowa huleta ugonjwa wa kuhara damu, nao huua vifaranga upesi. Badilisha maranda kila yanapolowa, hasa kuzunguka chombo cha maji.

Usiwachanganye na kuku wakubwa siku hiyo hiyo. Wakubwa huwadonoa, huwanyima chakula, na huweza kuwaambukiza magonjwa ambayo wao hawayaonyeshi. Watenganishe kwa wavu wiki 1 au 2, waonane bila kugusana.

5. Wenye mama

Vifaranga wanaolelewa na tetea huweza kutoka mapema, kwa kuwa mbawa za mama ndizo jiko lao. Lakini mama hawezi kumzuia mwewe, kunguru wala kicheche. Wiki 4 za kwanza wawekee tenga au wigo wenye paa la wavu. Kabla ya giza, angalia njia ya siafu kuzunguka banda. Wakiingia usiku, kifaranga hana pa kukimbilia.

6. Jiulize kabla ya kufungua mlango

- Kwapani na tumboni pana manyoya ya kweli?
- Wamelala usiku 3 bila joto, bila kulia?
- Chanjo za umri wao zimekamilika?
- Banda ni kavu, halipitishi upepo usawa wa vifaranga, na wavu hauna tundu?
- Kwenye mita 1 ya mraba hawazidi 10?

Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, ngoja siku 3, kisha uulize upya. Mkaa wa siku 3 una bei. Lakini umeshalipia chakula cha wiki 5, umeamka usiku, umechanja. Usiyapoteze yote hayo kwa asubuhi moja ya ukungu.