SOMO LA MWEZI: TUKIKABWA USIKU, TUMLAUMU NANI?

Mafungu ya kusoma: Ayubu 4:12-17, Ayubu 22:5-9, Ayubu 42:7-9, Luka 24:36-43, Kumbukumbu la Torati 19:15



Somo hili linatokana na maswali ambayo wazee wa kanisa na mama wa maombi huulizwa mara kwa mara. Je, mizimu ipo? Je, wafu wetu tuliowaacha nyumbani wanatufuata mpaka hapa kambini? Wengine kati yetu wanasema wanakabwa usiku. Wengine wanasikia nyayo nje ya turubai, na wakitoka hawaoni mtu. Wengine wanamwona marehemu amesimama mlangoni.

Hatutaki kumcheka anayesema hivyo. Wala hatutaki kupokea kila neno bila kulipima. Maana tunajua kwamba asubuhi hufuata swali la pili: ni nani aliyetuma? Na mara nyingi kidole humwelekea mama mzee anayeishi peke yake, au mtoto yatima anayelelewa na watu wasio wazazi wake, au jirani wa kabila lingine. Kwa hiyo jambo hili linagusa maisha ya watu.

1. Usiku wa Elifazi

Katika kitabu cha Ayubu, rafiki yake Elifazi anaeleza jambo lililompata usiku, wakati watu wamelala usingizi mzito. Hofu ilimshika, mifupa ikatetemeka, roho ikapita mbele ya uso wake, nywele zikamsimama. Kitu kikasimama, lakini hakuweza kutambua sura yake. Kisha akasikia sauti.

Wengi wetu tukisoma maneno hayo tunasema, "Hata mimi yamenipata." Lakini tuangalie Elifazi aliutumia vipi usiku ule. Aliufanya kuwa nguvu ya hoja yake dhidi ya mtu aliyekuwa amefiwa na watoto na kuugua. Katika sura ya 22 anafika mbali zaidi: anamshitaki Ayubu kwamba aliwavua watu nguo na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Hakuwa na shahidi hata mmoja.

Mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Tena aliyeshitakiwa ndiye anayeombwa awaombee. Hofu ya Elifazi ilikuwa ya kweli, lakini mashitaka yake yalikuwa ya uongo. Tushike tofauti hiyo, kwa maana somo lote limesimama juu yake.

2. Kukabwa ni nini?

Wataalamu wa usingizi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ya mikono na miguu ili asiinuke na kutenda yale anayoyaota. Macho na misuli ya kupumua huendelea kufanya kazi. Kwa kawaida, tukiamka, mwili unafunguliwa pamoja na akili. Lakini mara nyingine akili inatangulia na mwili unachelewa. Hapo mtu anaona chumba chake, anajua yuko macho, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kinakuwa kizito. Na kwa kuwa ndoto haijaisha, inachanganyika na chumba: anaona kivuli, anasikia hatua, anahisi mtu amemkalia. Hudumu sekunde chache au dakika chache, kisha hupita.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Sisi tunasema jinamizi. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Watu wa Newfoundland, huko Kanada, walisema ni bibi kizee anayekuja kukalia watu. Mwaka 2011 watafiti wawili, Sharpless na Barber, walikusanya matokeo ya uchunguzi 35 uliohusu watu zaidi ya 36,000. Walikuta kwamba katika watu 100 wa kawaida, karibu 8 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja.

Na kwa wakimbizi? Mwaka 2005 daktari Devon Hinton na wenzake waliandika juu ya wakimbizi wa Kambodia walioishi Marekani baada ya mauaji ya utawala wa Pol Pot. Kwa lugha yao watu hao husema kwamba mzimu unawakandamiza. Madaktari walikuta kwamba wale waliokuwa bado wanateswa na kumbukumbu za vita walikabwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kukosa usingizi, mawazo mengi na kulala chali pia huongeza hali hii. Sasa tujiulize: ni nani kambini asiye na mawazo mengi? Ni nani ambaye hajakatishwa usingizi na mvua inayopenya, au na kumbukumbu ya milio ya risasi?

3. Hewa ya mkaa

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia katika nyumba kubwa ya zamani. Walianza kusikia nyayo usiku na vyombo vikisogezwa. Walihisi mtu anawashika. Watoto wakapauka, watu wazima wakaumwa kichwa, hata maua ya ndani yakakauka. Walidhani nyumba ina mizimu. Baadaye tanuru la kupashia nyumba joto lilichunguzwa, likakutwa bovu: moshi wake ulikuwa unaingia ndani badala ya kutoka nje. Tanuru likatengenezwa, na mizimu ikakoma.

Sisi hatuna tanuru, lakini tuna jiko la mkaa, ambalo wengine wetu huliita mbabula. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inakamata nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anachanganyikiwa, na akiendelea kuivuta anaweza kufa bila kuamka. Kufunika makaa kwa majivu hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo kama watu wa nyumba moja wanaamka wote na kichwa kinauma, na wote wameota mambo ya kutisha, waulize kwanza: jiko lililala wapi?

4. Wafu wetu

Hapa tunasema kwa upole, kwa sababu wengi wetu hatukuwazika wapendwa wetu. Tulikimbia. Hatukukaa matanga. Mtu akimwona marehemu mume wake au akisikia sauti ya mtoto wake, anaogopa kwamba marehemu ana hasira kwa kuachwa njiani.

Mwaka 1971 daktari Dewi Rees aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya wajane wa kike na wa kiume 293 aliowahoji huko Wales. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzi aliyefariki. Hawa hawakuwa vichaa. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Na wengi walisema jambo hilo liliwafariji. Moyo uliozoea kumsikiliza mtu kwa miaka mingi hauachi kumsikiliza kwa siku moja.

Basi ndugu, ukimwona marehemu wako, usidhani umelaaniwa, wala usidhani anakudai. Huenda ni upendo ambao haukupata nafasi ya kuaga. Tumekuwa tukifanya ibada za kumbukumbu hata pale ambapo hakuna kaburi. Njoo, tutamtaja jina lake pamoja nawe.

Wengine watauliza juu ya Sauli na yule mwanamke wa Endori. Tunasoma kwamba Sauli alikwenda kuwatafuta wafu, akarudi na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Torati ilikuwa imekwisha kukataza njia hiyo. Anayekuambia umlipe pesa au kuku ili azungumze na marehemu wako, anafanya biashara juu ya machozi yako.

5. Hofu inapotafuta mtu

Mwaka 1995 hofu kubwa iliingia Pemba na Unguja. Watu walisema kiumbe aitwaye Popobawa anawaingilia usiku na kuwakandamiza. Familia zililala nje pamoja, zimewasha moto. Wachunguzi wengi wanaona kwamba mambo mengi waliyoyaeleza yanafanana na kukabwa usingizini. Lakini kabla hofu haijatulia, kundi la watu mjini Unguja lilimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, likidhani ndiye Popobawa. Kiumbe hakukamatwa. Aliyekufa alikuwa mwana wa mtu.

Kwa sisi tuliotoka Kongo, tujue pia kwamba Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, imekataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu ya kifungo. Torati nayo ilidai mashahidi wawili au watatu. Ndoto si shahidi hata mmoja.

6. Je, kupima ni kukosa imani?

Hapana. Bwana alipowatokea wanafunzi baada ya kufufuka, walidhani wanaona roho. Hakuwaambia wafumbe macho waamini tu. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaruhusu wamguse, akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Yeye mwenyewe aliwapa njia ya kupima. Sayansi haiwezi kupima kila kitu, nasi hatuachi kuomba. Lakini anayeomba na kuchunguza pia anamheshimu Mungu aliyetupa akili.

Basi tufanye hivi:

- Jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, hata kama kuna baridi. Ukimkuta mtu amezimia karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja, kisha apelekwe zahanati.
- Ukikabwa, usipigane na mwili wote. Pumua polepole, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Lala kwa ubavu, na ujitahidi kulala saa ile ile kila siku. Mwambie unayelala naye akuguse akisikia unahema vibaya.
- Ikirudi mara nyingi, au ukiona na kusikia vitu mchana, nenda zahanati uwaeleze bila aibu. Maombi na dawa havigombani.
- Mtu akileta jina la jirani au la mtoto kwa sababu ya ndoto, asiitwe shahidi. Aombewe, asaidiwe, na jina lile liishie hapo.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Elifazi alikosea wapi: katika kuogopa, au katika kushitaki?
2. Katika mtaa wetu, ni nani hutajwa kwanza jambo baya likitokea usiku? Kwa nini huyo?
3. Tunawezaje kumsaidia mtu anayemwona marehemu wake, bila kumcheka na bila kumtisha?
4. Wiki hii ni nyumba ipi tutaitembelea kukumbushana juu ya jiko la mkaa?

Bwana awape usingizi mtamu, na asubuhi yenye amani na majirani wote.