Safari Ndefu ya Baiskeli Juani: Maandalizi ya Kaya

Kutoka Babati mjini hadi Magugu kwa baiskeli ni karibu kilomita 30 za lami, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni mteremko. Mji umekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ilhali Magugu iko chini katika Bonde la Ufa, kwenye mita zipatazo 1,000. Asubuhi mwendeshaji huondoka na ubaridi wa Mlima Kwaraa mgongoni, baiskeli ikitembea karibu yenyewe, na hufika kwenye mashamba ya mpunga akiwa hajachoka. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Safari hupimwa kwa urahisi wa kwenda, wakati uzito wake wote uko kwenye kurudi: kupanda kilima, saa za jua kali, mwili uliokwisha kupoteza maji.

Mtu anapokanyaga pedeli, takriban moja ya tano tu ya nishati inayotumika ndiyo husukuma baiskeli. Iliyobaki hugeuka joto ndani ya mwili, na njia kuu ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Mtu mzima anayeendesha kwa nguvu kwenye joto anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, na wengine hutoa zaidi. Kwenye mteremko jasho hilo halionekani, kwa sababu upepo hulikausha kabla halijalowesha shati. Kinachobaki ni mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwenye kwapa, ambayo wa nyumbani huiona wakati wa kufua. Nguo yenye mistari hiyo inaonyesha kuwa mwili umepoteza chumvi pamoja na maji.

Saa ya kuondoka ndiyo uamuzi mzito kuliko yote. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kufika Magugu mnamo saa moja na nusu. Akimaliza shughuli yake ndani ya saa moja, atapanda kilima asubuhi na kuwa mjini kabla ya adhuhuri. Shughuli ikichelewa hadi saa sita, mambo hubadilika kabisa. Joto hupungua kuanzia saa kumi jioni, lakini kupanda kunaweza kuchukua saa tatu, na giza huingia karibu saa moja. Kungoja jua lipoe maana yake ni kuendesha gizani kwenye barabara kuu ya Arusha na Dodoma, penye malori na mabasi. Kwa hiyo nauli ya kurudi na baiskeli juu ya gari inapaswa kutengwa kabla ya safari, na isiguswe kwa jambo lingine. Kaya ambayo haina nauli hiyo ni bora iahirishe safari. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi: Babati ipo takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mapema Oktoba na tena mapema Machi.

Maji huanza kunywewa nyumbani. Nusu lita, saa mbili kabla ya kuondoka, huupa mwili muda wa kuyapokea na kutoa ya ziada. Njiani mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20 hufaa kuliko chupa nzima kwa mkupuo, maana kwenye kazi nzito kiu huweza kuchelewa. Chupa mbili za lita moja na nusu zilizofungwa kwa mpira wa tyubu kwenye keria ni mwanzo mzuri, na zijazwe tena Magugu kwa maji safi na salama. Chakula cha kabla ya safari kiwe kile ambacho tumbo limekizoea: uji mzito, viazi vitamu au ugali wa jana uliopashwa, pamoja na ndizi na karanga za njiani. Chai ya rangi peke yake haitoshi.

Hata maji huweza kudhuru yakinywewa kwa wingi mno bila chumvi, kwa kuwa chumvi ya damu huzimuliwa. Mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana hubebwa pia pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari za kurudishia mwili maji, ambayo huchanganywa na lita moja kamili ya maji salama. Kosa la kawaida ni kuimimina kwenye chupa ya lita moja na nusu na kuijaza hadi juu. Pakiti isipokuwepo, lita moja ya maji hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Baiskeli yenyewe ikaguliwe kwa fundi siku moja kabla: breki, cheni, tairi. Pancha huweza kumweka mtu juani kwa muda mrefu, hivyo pampu, viraka na gundi visikosekane.

Mwenye homa, anayeharisha au aliyekunywa pombe usiku asiende. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari na anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wapate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya.

Misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili zinazomtaka mtu kusimama, kukaa kivulini na kunywa ORS. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba, kupata degedege au kuzimia huku mwili ukiwa wa moto, hiyo ni dharura inayoweza kuua, hata kama bado anatoka jasho. Avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mengi mwili mzima na apepewe bila kukoma, na upoozaji uendelee ndani ya gari hadi kituo cha afya au hospitali. Asipewe kitu mdomoni. Panadol haisaidii hapa, kwa sababu joto hili halikuletwa na homa ya ugonjwa.

Uangalizi uendelee baada ya kurudi. Homa inayoanza siku kadhaa baadaye inahitaji kipimo cha malaria, hasa kwa aliyelala karibu na mashamba ya mpunga. Mkojo wa njano iliyokolea huonyesha upungufu wa maji. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, na misuli ikiuma kupita kawaida, huenda misuli imeharibika na figo ziko hatarini: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.